Kofi Juu ya Kikapu

Tuzo yetu haina kombe, wala cheti cha kutundika ukutani. Mshindi huvishwa sinendet, ule mtambaa wa msituni ambao huku kwetu huvishwa wakimbiaji wakirudi na ushindi, kisha hunyweshwa mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, kisha jina lake huitwa mbele ya watu. Ugumu wote uko kwenye huko kuitwa. Ndipo mwaka jana niliposikia kitu ambacho mpaka leo sijakipatia mahali pa kukiweka.

Hutolewa kila mwaka, Jumamosi moja shule zikiwa zimefungwa, katika ukumbi wa kambi ya zamani ya wachumaji chai upande wa Boito. Walioianzisha ni wachumaji waliostaafu na akina mama wa makanisa. Hupewa mtu aliyesimama: aliyesema kwa niaba ya wenzake kazini wakati kila mtu ameangalia chini, aliyemtetea mjane asinyang'anywe shamba, aliyeingia katikati ya majirani waliokwisha shika mishale. Hatualiki mgeni rasmi. Tunakula mchele na viazi, tunakunywa chai, tunaitana majina, tunarudi nyumbani kabla barabara haijawa tope.

Wengi wanaofika siku hiyo waliwahi kuishi kwenye kambi hiyo. Sasa haishi mtu. Mashine za kuchuma zilipokuja watu wakapunguzwa, halafu wakapunguzwa tena, na safu za nyumba nyeupe zikabaki na madirisha yake wazi, nyasi zikipanda ngazi. Ukipita hapo saa sita mchana utasikia mashine zikinguruma mbali kwenye chai kama nyuki mkubwa aliyefungiwa ndani ya chupa, na humwoni anayeziendesha. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna kipande cha chai ambacho hakichumwi na mkono wala na mashine. Kimeachwa. Kimekua kikawa miti, kinatoa maua meupe, na chini yake ni giza hata jua likiwaka. Sisi tumezaliwa tukiona chai ikiishia kiunoni, imelala sawa kama kitanda kilichotandikwa. Mtu wa huku akiona chai iliyomzidi kimo hupunguza sauti bila kuambiwa.

Kuitwa majina ni desturi iliyotoka shambani. Zamani, kabla ya kuingia kwenye chai, wachumaji walipanga mistari alfajiri na nyapara akawaita mmoja mmoja. Ukungu ulikuwa mzito, hakuona nyuso. Aliita jina, sauti ikasema "Niko," akaendelea na jina lingine. Asiyeitika alipoteza siku yake. Kwa hiyo wanawake waliitikiana. Mmoja amebaki na mtoto mgonjwa, mwenzake anasogea mwisho wa mstari, anakaza koo, anasema "Niko," na baadaye mwenye jina anatokea kwenye ukungu akiwa amekimbia, anaingia kwenye chai kama aliyekuwepo tangu mwanzo.

Nyapara wa siku hizo bado yuko hai, mgongo umepinda, na ndiye anayetuitia majina. Hana karatasi. Husimama karibu na mlango, hufumba macho kwa sababu ukungu haupatikani kila Jumamosi, na huita wote waliowahi kupewa tuzo, kuanzia wa kwanza. Aliye hai husema "Niko." Aliyekufa haitikiwi na mtu; kumwitikia ni mwiko. Mzee husubiri kidogo, na kimya kikishakaa, sote tunapiga kofi moja juu ya vikapu vitupu tulivyopakata. Kikapu cha kuchumia kikiwa kitupu hutoa sauti ya chini, ya ndani, kama mlango unaofungwa kwenye nyumba ya mbali. Baada ya kofi hilo mtu amehesabiwa upande ule.

Mwaka mmoja tulikosea. Babu mmoja aliyekuwa amepewa tuzo kwa kuwapatanisha vijana wa Merigi alikuwa amekaa pale pale mbele yetu, ila masikio yalikuwa yamechoka. Jina lake likaitwa, hakusikia. Mzee akasubiri, na mikono, kwa mazoea, ikashuka juu ya vikapu. Babu akageuka akauliza, "Mmempigia nani?" Ukumbi ulicheka mpaka watu wakajifuta macho, na yeye akacheka kuliko wote. Kabla chai haijachumwa mzunguko mwingine, tulikuwa tumemzika. Hakuumwa. Alikaa tu nje ya nyumba yake asubuhi moja na hakuinuka. Tangu hapo hakuna anayecheka majina yakiitwa, na wazee hukaa mstari wa mbele mkono nyuma ya sikio.

Yote hayo yalikuwepo tayari, basi, kamati ilipoamua kwamba mwaka jana tuzo impate rafiki yangu.

Yeye alikuwa mtoto wa kambi, na mimi mtoto wa duka. Babu yangu alitoka Mlima Kenya na mzigo wa chumvi na mafuta ya taa akafungua duka Litein, na sisi tumekuwa hapo tangu wakati huo, tukiuza sukari na sabuni, tukizika watu wetu hapo hapo. Tulisoma naye darasa moja. Mwalimu akiita majina, yeye hakusema "Niko" kama sisi wengine. Alisema "Nikoo," akiivuta mwishoni kwa uvivu, kama mtu unayemwamsha na tayari ameamka. Mwalimu alimchapa kwa hiyo "Nikoo" na haikunyooka.

Alipokua aliwasemea wachumaji waliopunguzwa. Alikwenda ofisi hadi ofisi na gamboti zake, viatu vya mpira vya shambani, na akizuiwa mlangoni alikaa chini hapo hapo akaanza kumenya viazi. Na katika uchaguzi mmoja ambao ulitutisha, wakati sisi wa duka, tulioambiwa turudi kwetu, tulikuwa tumefunga milango na mama yangu ameshika Biblia na panga kwa pamoja, tulisikia watu nje. Baba akachungulia. Walikuwa wanawake wa kambi, wamebeba vikapu mgongoni, wamepanga foleni mbele ya duka letu lililofungwa.

"Mnataka nini?" baba aliuliza kupitia ufa.

"Chumvi," alisema rafiki yangu, wa kwanza kwenye foleni.

"Tumefunga, mama. Hamuoni hali?"

"Tutangoja. Kwani chumvi inaoza?"

Walingoja mchana kutwa, na kesho yake wakarudi kungoja. Vijana waliokuja na petroli walikuta mama zao na shangazi zao kwenye foleni, wakazunguka zunguka, wakaambiwa kama nao wanataka chumvi basi wakae nyuma, wakaondoka. Hakuna aliyenunua hata punje.

Miaka michache baadaye, jioni moja, rafiki yangu alitoka kwenye mkutano wa wachumaji na kushika njia ya miguu inayokatiza chai kuelekea nyumbani kwa mama yake. Ukungu ulikuwa umeshuka. Wenzake walimwona akiingia kati ya chai, kitambaa chake chekundu kikaonekana kidogo, halafu hakikuonekana. Hakufika. Alitafutwa na watu, na mbwa, na redio, na maombi. Hakupatikana yeye, wala kiatu, wala kitambaa. Kulikuwa na waliosema wanajua, na waliosema afadhali mtu asijue. Mama yake aliwasikiliza wote akawapa chai.

Mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya ubao na chaki, aliniomba niende naye kwa mama huyo kumpa habari za tuzo. "Wewe ndiye mwandishi," alisema, "utajua jinsi ya kuyasema." Sikujua. Tulimkuta akipukuchua mahindi kibarazani. Alituangalia, akavuta stuli mbili kwa mguu.

"Mtoto wa duka. Umekonda. Huko Nairobi mnakula vitabu?"

"Tunakula, mama. Ila havishibishi."

"Na wewe mwalimu, umekuja kunisahihisha nini leo?"

Mwenyekiti akamweleza. Mama akaendelea kupukuchua. Punje zilianguka kwenye sufuria moja moja, kisha nyingi kwa pamoja.

"Ni heshima kubwa," mwenyekiti alisema. "Lakini tumefikiria, kwa sababu ya ile... kwa sababu ya kuitwa. Tumeona tumvishe sinendet mtu wa familia, halafu jina tusiliite. Mwaka huu tu."

"Mtaita ya wote na lake mliruke?"

"Ili tusi..."

"Mkiliruka ndiyo mmemzika." Hakuinua sauti. "Muiteni."

"Na asipoitika, mama? Unajua desturi. Watu watapiga vikapu. Mimi siwezi kuzuia mikono ya ukumbi mzima. Unamkumbuka babu wa Merigi."

"Namkumbuka."

"Basi uitike wewe. Kwa niaba yake. Nani atakukataza?"

Hapo mama aliweka gunzi chini. Alinitazama mimi, si mwenyekiti, kama vile mimi ndiye niliyesema.

"Mama akiitika, kila mtu atasikia ni mama analia. Hiyo si kuitika. Mtoto wangu hajafa na sijasema yuko hai. Sijui. Mimi hiyo 'sijui' ndiyo nimebaki nayo, ndiyo ninalala nayo. Sasa mnataka siku moja, kwa kofi moja, mninyang'anye." Akachukua gunzi lingine. "Muiteni kama watu. Kitakachokuwa kiwe."

Mimi na mwenyekiti tulitembea mpaka kwenye lami. Kisha akasema, kama anayejisemea, "Mikono ina mazoea, unajua. Mikono haisikilizi mtu."

Siku yenyewe mvua ya mawe ilianza watu wakiwa wanakula. Huku kwetu mvua ya mawe si habari, lakini ile ilipiga mabati mpaka tukawa tunaona midomo ikienda bila sauti, ukumbi mzima wa watu wakizungumza kama samaki. Chai ya nje ilichanwachanwa. Ilipokatika, ilikatika mara moja, na badala yake ukaja ukungu. Uliingia kwa mlango na kwa madirisha yasiyo na vioo, ukatembea kati ya viti, baridi, una harufu ya majani mabichi yaliyovunjika. Walioketi nyuma waliyeyuka. Nilikuwa mstari wa mbele, mama wa rafiki yangu kulia kwangu, mkono wake ndani ya wangu, na nikigeuka niliona safu tatu za vichwa, kisha weupe.

Mtu mmoja akasema, "Leo mzee hana haja ya kufumba macho." Hakuna aliyecheka.

Mzee alifumba hata hivyo. Akajishikilia kwenye nguzo ya mlango na kuanza kuita. Ile sauti iliyopinda kama mgongo wake ilinyooka ilipofika kwenye majina.

"Niko," alisema mwanamke mmoja.

"Niko," alisema mwingine, kutoka kwenye weupe.

Jina lingine. Kimya. Kikakaa. Vikapu: kofi moja, la chini, lililoingia kwenye mbao za sakafu na kupanda miguuni. Jina lingine. "Niko, mzee wangu, magoti tu ndiyo hayapo." Jina lingine. Kofi. La babu wa Merigi lilipoitwa niliona watu wakigeuka kutazama kiti chake cha mwaka ule, na kofi likatoka hafifu, kama linaloomba msamaha.

Jina la mshindi huitwa mwisho. Mwenyekiti alisimama na sinendet mikononi, mbichi, bado ina matone. Mbele kulikuwa na kiti kitupu. Mzee aliita jina la rafiki yangu, na la baba yake, kama ilivyokuwa shambani.

Nimejaribu mara nyingi kuandika kimya kile. Si kwamba hakukuwa na sauti. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka mabatini. Mtoto alikuwa akikohoa nyuma. Nje, upande wa chai iliyogeuka miti, matawi yalikuwa yakijikung'uta. Nilitazama mikono. Mikono ya mstari mzima ilikuwa imeinuka, viganja chini, juu ya vikapu, na hakuna aliyekuwa ameiamuru. Wangu wa kushoto pia ulikuwa umeinuka. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Mama alikuwa ameacha kupumua, nilijua kwa vidole vyake.

"Nikoo."

Ilitoka nyuma, mahali fulani karibu na mlango wa pili, ndani ya ukungu. Haikuwa na haraka. Ilivutwa mwishoni, kwa uvivu, kama mtu unayemwamsha na tayari ameamka.

Mikono ikashuka, kila mmoja akaulaza wake kando, polepole, bila kugusa kikapu. Mzee hakufumbua macho. Aliinamisha kichwa mara moja kama alivyoinamisha asubuhi zote za maisha yake, na akasema maneno aliyokuwa akiyasema baada ya jina la mwisho: "Vizuri. Haya, mashambani."

Ndipo watu wakageuka, wote kwa pamoja, viti vikalia. Nyuma kulikuwa na wanawake wanaotazamana, na mlango wazi, na ukungu. Sakafu ilikuwa imejaa alama za gamboti za kila mtu aliyeingia tangu asubuhi, haikuweza kusema chochote. Nilikwenda mpaka nje. Safu ya nyumba nyeupe, madirisha. Mvua ya mawe ilikuwa imelala kwenye nyasi kama mchele uliomwagika, na mchele huo haukuwa umekanyagwa, ila sikutazama kila upande. Nasema kweli: sikutazama kila upande. Kulikuwa na upande wa ile chai ndefu, na nilirudi ndani.

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika sinendet. Mama alisimama, akaichukua kutoka mikononi mwake, hakujivisha wala hakuiweka juu ya kiti.

"Nipatieni ndoo ya maji," alisema. "Isikauke kabla hajaivaa."

Nilimfuata mzee hadi kwenye chai na mandazi. Nilimuuliza kama alitambua sauti.

"Wewe ni wa lile duka," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Baba yako alikuwa anapima sukari na kidole kiko kwenye mizani." Akacheka bila meno. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuita. Mtu akisema niko, yuko. Ningeanza kuuliza ni nani amesema, nani angechuma?"

Wiki iliyofuata nilibaki kwa mama nikimsaidia mahindi, na wanawake wakaanza kuja. Hawakuja pamoja. Wa kwanza alileta maziwa, akakaa, akazungumza habari za ng'ombe, na alipokuwa akiaga alisema akiwa ameshika mlango, "Mama, nataka nikuambie. Siku ile nilikuwa nimejipanga. Nilikaa nyuma makusudi ili nimwitikie. Nilishafungua mdomo, mwenzangu akaniwahi. Sijui ni nani, lakini Mungu ambariki."

Wa pili alileta mboga. Naye alikuwa amejipanga, amefanya mazoezi jikoni mpaka mume wake akauliza anamwita nani. Naye aliwahiwa. Kisha akaja mwingine, na mwingine kutoka mbali, Merigi, kwa bodaboda, na tope mpaka magotini. Mwenyekiti mwenyewe alikuja Jumapili baada ya kanisa, akalia kidogo, akakiri kwamba alikuwa amekusudia kuvunja mwiko akiwa amesimama mbele na sinendet mkononi, lakini sauti ikamtangulia. Kila mmoja alikuwa amefungua mdomo. Kila mmoja aliamini ni yule mwingine. Nilianza kuwatazama wanapoingia langoni, nikingoja mmoja ambaye angesema, ni mimi. Nilijua ni nani waliokaa nyuma, nikawa nawapunguza mmoja mmoja kichwani, na hesabu ikawa inaisha.

"Ni wewe?" mama aliniuliza jioni moja, ghafla, akiosha vikombe.

"Mimi nilikuwa nimekushika mkono, mama. Ungesikia."

"Ningesikia," alikubali.

"Kumebaki wawili hawajaja. Naweza kuwatafuta. Mmoja anakaa karibu na kituo cha chai, nitamuuliza tu kwa upole kama..."

"Wewe mtoto wa duka." Alinigeukia, povu likidondoka viganjani. "Kila kitu unataka kukiweka kwenye mizani. Ukishampata aliyesema, mimi nitabaki na nini? Nitabaki na jirani mwenye roho nzuri. Nashukuru, lakini jirani ninao." Akafuta mikono kwenye leso. "Waliita, akaitika. Sitaki kujua zaidi ya hapo. Hawakupiga kikapu."

Sikuwatafuta wale wawili. Marafiki zangu wa Nairobi, wanaoandika na wanaosoma, niliowasimulia, wananiambia lazima nijue, kwamba hadithi haiwezi kukaa hivyo. Ninapokuwa huko nakubaliana nao. Nikirudi Boito, nikashika ile njia ya miguu na ukungu ukianza kushuka juu ya chai, sikubaliani.

Sinendet bado iko kwenye ndoo, nyuma ya mlango wa jikoni. Mama hubadilisha maji. Nilipokwenda mwezi uliopita majani ya chini yalikuwa yamepukutika na ya juu yalikuwa mabichi, na alikuwa amevitundika vikapu viwili ukutani, chake na kingine, cha binti yake, ili panya wasivifikie kabla ya Jumamosi yetu.

"Mwaka huu utakaa wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia nitakaa nyuma.

"Wote mnasema hivyo," alisema. "Mbele kutabaki mimi na mwalimu." Akanipa kikapu kile kingine nikishike, akakagua mshono wa kamba kwa kidole, akaridhika, akakirudisha mahali pake.